Rangi ya gari kuukuu ni mtaji: Kabla ya kupuliza upya, pima kwanza

Katika biashara ya magari yaliyotumika inayoanzia bandari za Dar es Salaam na Mombasa na kuishia Lusaka, Lubumbashi, Kampala, Kigali na Bujumbura, mfanyabiashara huhesabu bei ya mnada, nauli ya meli, ushuru, gharama za bandari, mafuta na posho ya dereva. Kitu kimoja mara nyingi hakimo katika hesabu hiyo, nacho ni rangi ya gari lenyewe.

Hilo ni kosa la kihesabu. Injini mnunuzi huisikia kwa dakika chache na giaboksi huijaribu kwa kuzunguka yadi mara moja, lakini rangi huiona kabla hajasalimia, na bei atakayotaja mara ya kwanza huanzia hapo. Boneti iliyopauka au paa lenye mabaka meupe huweza kufuta faida yote ya safari ya kutoka bandarini hadi mpakani.

Makala hii inachambua suala hilo kwa macho ya biashara: rangi ya gari kuukuu imejengwaje, inaharibika vipi katika njia zetu, ni lini inalipa kuing'arisha, ni lini inalipa kupuliza upya, na ni lini ni heri kuliuza gari kama lilivyo.

Magari yanakaa zaidi barabarani

Sera za nchi jirani kuhusu umri wa magari hazifanani, na tofauti hizo ndizo zinazoipa rangi uzito wa kibiashara.

Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515 cha mwaka 2000, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu mwaka wa usajili wa kwanza. Uganda ilibadili sheria yake ya usalama barabarani mwaka 2018 na kuzuia magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, huku yaliyo chini ya hapo lakini yenye umri mkubwa yakitozwa tozo ya mazingira. Tanzania haikuweka marufuku ya umri, bali hutumia kodi: gari dogo lililofikisha miaka 8 huongezewa ushuru wa bidhaa kwa sababu ya umri, na likizidi miaka 10 nyongeza hiyo hufika asilimia 30.

Aidha, mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Gari la kuagiza linapopanda bei, mwenye gari la zamani hulishikilia kwa muda mrefu zaidi, na mnunuzi wa kipato cha kati hugeukia gari ambalo tayari limesajiliwa nchini. Matokeo yake ni soko kubwa la magari yenye miaka 12, 15 hata 20 yanayobadilishana mikono ndani ya nchi na kuvuka mipaka. Kwa gari la umri huo, hali ya bodi na rangi ndiyo inayotenganisha mawili ya modeli moja, mwaka mmoja na injini moja.

Kizuri hakijiuzi chenyewe

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alionyesha mwaka 1970 kwamba katika soko la magari yaliyotumika methali ya namna hiyo haifanyi kazi. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi haujui. Kwa kuwa hawezi kutenganisha zima na bovu, mnunuzi hutoa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zuri huona bei hiyo haimlipi, huliondoa sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Kwa kazi hiyo Akerlof alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001.

Katika mazingira hayo mnunuzi hutafuta ishara, na rangi ni ishara ya kwanza. Ikiwa ya kiwandani na imetunzwa, husema kwamba gari halijagongwa na mwenyewe alikuwa mwangalifu. Rangi iliyopulizwa juzi hadi ndani ya fremu za milango husema kinyume chake, hata kama kazi ni safi, kwani mnunuzi hujiuliza ni nini kimefichwa chini yake.

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hupoteza fedha. Wanalipia kupuliza gari zima ili lipendeze, kumbe wameiua ishara ambayo mnunuzi mjuzi angeilipia.

Tabaka nne, unene wa karatasi

Rangi ya gari la kisasa si kitu kimoja. Kwanza kuna tabaka la kuzuia kutu, ambalo huwekwa kiwandani kwa kuizamisha bodi nzima katika dawa na kupitisha umeme. Juu yake huja prima ya kulainisha, kisha rangi yenyewe, na mwisho ni tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Mng'aro wote tunaouona, na kinga yote dhidi ya jua, vimo katika klia.

Kwa jumla tabaka hizo nne huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi. Klia peke yake ni kama maikroni 40 hadi 50, wakati unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Kinga ya gari lako dhidi ya jua la Dodoma au chumvi ya Mombasa ni nyembamba kuliko unywele.

Kila gari linapopigwa polishi kwa mashine, klia hupungua. Polishi nyepesi huondoa maikroni 1 hadi 3. Kusugua kwa msasa laini na dawa kali huweza kuondoa mara kadhaa ya hapo. Ukiondoa maikroni 8 au 10 kwa jumla, kinga dhidi ya jua huwa imedhoofika kiasi kwamba klia inaweza kuanza kufa ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kwa hiyo klia ni akiba, kama salio la benki ambalo halipokei amana. Gari linaweza kupigwa polishi Japani kabla ya mnada, likapigwa tena kwenye yadi ya Dar es Salaam, kisha mnunuzi naye akalipiga kabla ya kuuza. Kila mmoja ametoa kwenye akiba ileile bila kujua mwenzake alitoa kiasi gani. Gari linaondoka yadi liking'aa, na baada ya mvua mbili paa linaanza kuchubuka.

Dawa ya hali hii ni kipima unene wa rangi, kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi. Kwa kawaida kikisoma kati ya maikroni 80 na 160, rangi ni ya kiwandani. Kikivuka 200, sehemu hiyo imepulizwa upya. Kikienda 400, 600 au zaidi, chini yake kuna puti, na hapo hadithi ni ya ajali na si ya rangi tena. Kifaa hiki kwa mtu anayenunua magari matano kwa mwezi hurudisha fedha yake katika gari moja tu aliloliepuka. Izingatiwe kwamba vifaa vya bei ya chini hupima juu ya chuma tu. Kwa boneti za alumini kinatakiwa cha aina mbili, na kwa bampa za plastiki havifai.

Karatasi ya mnada inasema mengi

Kwa anayeagiza Japani, nusu ya kazi imeshafanywa na mkaguzi wa mnada. Tatizo ni kwamba wengi huangalia alama ya jumla tu, 4 au 3.5, bila kusoma mchoro wa gari ulio chini ya karatasi. Mchoro huo ndio ripoti ya rangi.

Herufi A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, na B ni kibonyeo chenye mkwaruzo. P ni rangi iliyopauka au yenye alama, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. W ni alama ya ukarabati, yaani paneli iliyonyooshwa na kupulizwa. X ina maana paneli inahitaji kubadilishwa, na XX kwamba imeshabadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo ambao polishi huweza kuumaliza, A3 ni mkubwa unaodai rangi. W1 ni ukarabati usioonekana kwa urahisi, W3 unaonekana kwa macho.

Gari la alama 3.5 lenye A1 sita na U1 nne kwa biashara yetu linaweza kuwa bora kuliko la alama 4 lenye W2 kwenye paa. La kwanza lina rangi yake ya asili na linahitaji usafi. La pili limeshafunguliwa na fundi. Ifahamike pia kuwa nyumba za mnada hazitumii vipimo sawa kwa kila jambo, hivyo ni busara kumtaka wakala atafsiri maelezo yote ya mkaguzi, hasa yanayotaja kutu chini ya gari. Mikoa ya kaskazini mwa Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kama ifanyavyo Uingereza. Gari la huko linaweza kung'aa juu huku chini limekwisha.

Somo la nyeupe ya lulu

Wapo wanaoamini kuwa rangi ikiwa ya kiwandani basi haina shida. Kisa cha magari meupe ya Toyota kinaonyesha vinginevyo.

Mwaka 2019 Toyota nchini Marekani ilitangaza mpango wa kuwahudumia wateja wa baadhi ya modeli za rangi mbili nyeupe, namba 040 na namba 070 ambayo ni nyeupe ya lulu. Kiini cha tatizo kilikuwa ni jua: mwanga ulipenya taratibu na kuharibu mshiko kati ya rangi na tabaka la chini la kuzuia kutu, kisha rangi ikaanza kubanduka kama ganda. Mwaka 2022 kampuni hiyo iliongeza muda wa dhamana kwa tatizo kama hilo nchini Japani.

Mipango hiyo iliwalenga wateja wa masoko hayo. Mfanyabiashara wa Tunduma au Busia aliyenunua gari la mtu wa nne hana pa kulalamika. Anachoweza kufanya ni kukagua. Namba ya rangi ya Toyota huandikwa kwenye kibati cha gari, mbele ya herufi C/TR. Ukikuta 040 au 070, tazama kwa makini kingo za paa juu ya kioo cha mbele, fremu za milango na sehemu zilizodonolewa na mawe. Rangi inayobanduka ikiacha sehemu ya chini laini ya kijivu haitibiki kwa polishi wala nta. Ni lazima sehemu yote iondolewe na kupulizwa upya, na gharama hiyo iingie kwenye bei ya kununulia.

Si kila gari la namba hizo lina kasoro, mengi hayana. Hata hivyo, nyeupe ya lulu inapendwa sana katika masoko yetu na huuzwa kwa bei ya juu, ndiyo maana inastahili dakika tano zaidi za ukaguzi.

Kung'arisha au kupuliza?

Kwa gari lililopauka, swali la kwanza ni kama klia iko hai. Majaribio mawili hayana gharama.

Mwagia maji sehemu iliyopauka. Ikiwa rangi inarudi sawasawa inapolowa na kupauka tena ikikauka, mara nyingi ni uso wa juu tu uliochoka na polishi itasaidia. Ikiwa mabaka meupe yanabaki hata chini ya maji, au ukipitisha kucha unakwama kwenye kingo, klia imekufa.

Pili, chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hiyo ni rangi ya tabaka moja isiyo na klia, kama ilivyo kwa pikapu na mabasi madogo mengi ya zamani. Rangi ya aina hiyo huvumilia polishi na mara nyingi hufufuka vizuri, kwa kuwa unachoondoa ni ngozi iliyokufa na chini yake ipo rangi ileile.

Sasa tuangalie fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kila mmoja aweke zake. Tuchukue gari lililokugharimu shilingi za Tanzania milioni 18 hadi kufika yadi, kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kila siku linapokaa bila kuuzwa unalipa shilingi 8,900 hivi. Boneti na paa vimepauka, na wanunuzi wanakupunguzia milioni 1.

Klia ikiwa hai, polishi ya shilingi 150,000 ya siku moja inakugharimu jumla ya 159,000 na inarudisha milioni 1. Faida ni zaidi ya 840,000. Klia ikiwa imekufa, kupuliza paneli mbili kwa 600,000 na siku sita za kusubiri kunagharimu 653,000, na faida inashuka hadi 347,000. Bado inalipa. Lakini ukiamua kupuliza gari zima kwa milioni 2, umeshapoteza kabla ya kuuza, na mnunuzi mwenye kipima unene atakudai upunguze tena kwa kushuku ajali.

Kanuni inayotokana na hesabu hiyo ni nyepesi: polishi kwanza, paneli pili, gari zima mwisho kabisa. Na kila paneli inayopulizwa ipigwe picha kabla, wakati wa kazi na baada. Picha zinazoonyesha bati zima lisilo na puti ndizo zinazorudisha imani ya mnunuzi. Mtu anayejua kilichofanyika hulipa zaidi kuliko anayekisia.

Kuna jambo la nne la kuamua, nalo ni aina ya rangi. Jina duko linalotumika katika gereji zetu linatokana na Duco, rangi ya kampuni ya DuPont ya Marekani ya miaka ya 1920. Rangi za jamii hiyo hukauka haraka na ni nafuu, lakini kwenye jua letu hupauka mapema na huyeyushwa na petroli. Rangi inayochanganywa na hadina huchukua muda na fedha zaidi, ila hustahimili. Ukipuliza boneti kwa duko kwenye gari ambalo sehemu nyingine ni za kiwandani, baada ya miezi kadhaa boneti hiyo itajitenga na wenzake na mteja atakukumbuka kwa ubaya.

Utaratibu wa kufufua

Kwa atakayeamua kung'arisha, utaratibu una hatua zake na kuruka moja kunaharibu nyingine.

Gari lioshwe kwanza kwa shampuu ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta yote na kuikausha rangi. Kisha liondolewe chembe zilizonata: lami, utomvu wa miti na vidoa vidogo vya rangi ya kutu vinavyoonekana sana kwenye magari meupe yaliyokaa bandarini au kando ya reli. Udongo maalumu wa kusafishia rangi hufanya kazi hiyo bila kukwaruza, mradi utumike na maji ya kutosha.

Ndipo ije polishi, ikianza na ile laini kuliko zote kwenye eneo dogo la majaribio. Ikitosha, usipande kwenda kali zaidi. Mashine isikae mahali pamoja, kwani joto huunguza klia, hasa kwenye kingo ambako huwa nyembamba zaidi. Kazi ifanyike kivulini na bati likiwa limepoa.

Mwisho ni kinga. Nta hudumu wiki kadhaa hadi miezi miwili au mitatu kwenye jua letu. Dawa za kufunga rangi za viwandani huenda miezi sita hivi. Kinga ya seramiki ikiwekwa vizuri hudumu mwaka au zaidi, lakini haizuii mawe na haifufui klia iliyokufa. Kuiweka juu ya rangi mbovu ni kulaminisha cheti kilichochanika. Kwa gari la kuuza ndani ya mwezi mmoja, nta inatosha. Kwa gari la kubaki nalo miaka mitatu, seramiki inaweza kulipa.

Safari ya IT

Hasara nyingi za rangi hutokea kati ya bandari na mpaka. Gari la IT likitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma husafiri kilometa 930 hivi nyuma ya malori, na ushahidi wa safari hiyo hubaki kwenye boneti na bampa kama nukta nyeupe zisizohesabika. Kutoka Mombasa kwenda Malaba hali ni hiyohiyo.

Dereva anayelipwa kwa safari hana sababu ya kuacha nafasi kati yake na lori. Hilo ni suala la mkataba kuliko la tabia. Msafirishaji anayeweka sehemu ya malipo kwenye hali ya gari linapofika, kwa picha za kuondokea na kufikia zilizosainiwa na pande zote mbili, humpa dereva sababu hiyo.

Selotepu ya karatasi kwenye ukingo wa boneti na vioo vya pembeni husaidia, ila ing'olewe mara gari linapofika. Ikikaa siku kadhaa juani gundi yake huokwa kwenye rangi na kuitoa ni kazi nyingine. Kinyesi cha kunguru kwenye yadi za Dar es Salaam nacho hakisubiri mwisho wa wiki. Joto likikiunguza huacha alama ndani ya klia. Chupa ya maji na kitambaa laini ni bima ya bei ndogo kuliko zote.

Kwa malori, rangi ni chuma

Wasafirishaji wa mizigo wanaweza kudhani mjadala huu ni wa magari madogo. Kwa lori na tela, rangi ni suala la uhai wa chuma.

Malori yanayopeleka salfa na mbolea kutoka Dar es Salaam kwenda ukanda wa shaba wa Zambia na Kongo hubeba bidhaa ambazo zikichanganyika na unyevu hushambulia chuma. Vumbi la salfa likilowa hutengeneza asidi. Tela lisilooshwa chini baada ya kushusha huanza kuliwa kwenye viungio na kona ambako rangi imepasuka kwa mtikisiko. Kuosha kwa maji mengi baada ya kila safari ya aina hiyo, kukwangua kutu mapema na kupaka prima ya epoksi kabla ya rangi ya juu ni gharama ndogo ukilinganisha na kuchomelea fremu. Rangi inayopakwa juu ya kutu isiyoondolewa huificha tu. Kutu huendelea kula chini yake.

Rangi ya gari na karatasi zake

Rangi ni sehemu ya utambulisho wa gari. Imeandikwa kwenye kadi ya usajili, na kwa gari la kupita nchi, kwenye nyaraka za forodha. Gari jeupe lililogeuka jeusi bila mamlaka ya usajili kujulishwa, iwe NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania, huibua maswali ya wizi pale mpakani, na maswali hayo hula siku. Hata anayebandika karatasi ya plastiki ya rangi nyingine juu ya rangi ya asili anapaswa kulizingatia hili.

Kwa gari la IT ushauri ni mmoja: lisibadilishwe rangi kabla ya kusajiliwa lilikokusudiwa. Kupuliza paneli kwa rangi ileile hakuna tatizo.

Gharama isiyo kwenye risiti

Ipo gharama nyingine ambayo bei ya gereji haiionyeshi. Hadina ya rangi za kisasa ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, zinazoweza kumsababishia mpulizaji pumu ya kudumu. Kitambaa cha puani hakizuii kitu. Kinachotakiwa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira, na chumba chenye kutoa hewa chafu. Tunapomchagua fundi kwa bei ya chini kuliko wote, mara nyingi tunachonunua ni mapafu yake. Gereji yenye vifaa hivyo hutoza zaidi, na pia hutoa kazi isiyo na vumbi, hivyo mteja hapotezi.

Mamlaka nazo zina la kufanya. Ukaguzi wa magari yanayoingizwa unajali zaidi usalama wa kuendesha, na rangi imeachwa kwa muuzaji na mnunuzi waelewane. Yadi zikizoea kutoa vipimo vya unene wa rangi kwa kila paneli pamoja na tafsiri ya karatasi ya mnada, mnunuzi hatalazimika kukisia, na mwenye gari zuri atapata bei yake. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji wafanyabiashara wachache waanze, na wanunuzi wa Lusaka na Kampala waanze kuuliza.

Kwa sasa, mfanyabiashara anayekwenda yadi wiki hii aende na kipima unene, kitambaa cheupe na chupa ya maji. Asome namba ya rangi kwenye kibati, apitishe kucha kwenye kingo za paa, ndipo aulize bei.